Eunos Roadster ya zamani na visa vya umeme wake

Alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ya kwanza niliinunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Ya pili kijana mmoja aliniletea hadi nyumbani Kigamboni. Zote mbili zilikuwa nzima, na ile ya zamani niliyoing'oa nayo ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa bolti ya spana namba 10 ndani ya buti, ile inayobana waya mweusi wa betri kwenye bodi. Chini ya kichwa cha waya ule palikuwa na utando wa kutu mwembamba kama ganda la kitunguu, na utando huo ndio ulionilia shilingi laki tatu na nusu na wikiendi tatu.

Mwongozo huu ni wa mwenye Roadster ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa kubwa za kufumba na kufumbua. Mazda waliionyesha Chicago mwezi Februari 1989, na Septemba mwaka huohuo wakaanza kuiuza Japani kwa jina la Eunos. Kwingine inaitwa MX-5, na Wamarekani wanaiita Miata. Yangu ni ya 1991, injini ya lita 1.6, jina lake B6-ZE. Zile za 1.8 zilizoanza 1993 zinafanana nayo kwa mengi, zinapoachana nitasema. Waya za gari hili zina zaidi ya miaka 30, na ukiliweka karibu na bahari chumvi inamalizia kilichoanzwa na umri. Kwa hiyo kabla hujashuku kifaa, shuku njia inayopeleka umeme kwenye kifaa na njia inayourudisha. Kwangu mimi mara nyingi imekuwa ile ya kurudi, yaani ethi.

Vifaa ni vichache: mita ya umeme hata ya bei ya chini, msasa mwembamba, dawa ya kusafishia kontakti, vaselini, na waya wa jampa, yaani wa kuunganishia umeme kwa muda, wenye fyuzi katikati. Halafu tengeneza kitu ambacho mafundi wengi hawana: chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishie waya mbili zenye vibanio. Mita inaweza kukuonyesha volti 12 kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, na waya mbovu hapo hauna pa kujificha: balbu inawaka nyekundu kama kaa la moto au haiwaki kabisa. Saa ya chuma na pete vua kabla hujainama, na ukifungua betri anza na hasi.

Ukipiga stata inasema "tik" moja, au inazunguka kivivu

Anza kwenye buti, kulia, ndipo betri ilipo. Iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka 11.9 ichaji kwanza, usiendelee kupima chochote. Kisha mwambie mtu apige stata huku ukiangalia mita. Ikidondoka chini ya 9.6 wakati wa kuzungusha, betri imechoka.

Kama betri ni nzima, fanya kipimo ambacho kingeniokoa na alteneta mbili. Ncha moja ya mita ishike kichwa chenyewe cha hasi, ile risasi, wala si kibanio kinachokizunguka. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Stata inapozunguka, mita isizidi volti 0.2. Yangu ilisoma 1.9. Hapo unajua kuna mahali njiani umeme unakwama, na kazi iliyobaki ni kusogeza ncha ya pili hatua kwa hatua kurudi nyuma: kutoka kwenye injini hadi bodi ya mbele, kutoka bodi ya mbele hadi bodi ya kwenye buti, kisha kichwa cha waya, kisha kibanio. Pale namba inaposhuka kwa ghafla ndipo pabovu. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka vaselini juu.

Upande wa chanya pima vivyo hivyo, kutoka kichwa cha betri hadi bolti nene ya stata. Waya huu unapita urefu wa gari zima kutoka buti hadi mbele, kwa hiyo uvumilie kidogo, ila ukizidi volti 0.5 nao una jambo.

Kuna ethi nyingine inayosahaulika, ile ya kuunganisha injini na bodi. Injini imekaa juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme. Ethi hii ikikatika, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na mara nyingi unapitia kebo ya ekselereta. Ukigusa kebo hiyo baada ya kupiga stata ukaikuta ina joto, usitafute zaidi.

Kama njia zote mbili ni safi na bado unapata "tik" mara moja moja, sasa ndiyo uishuku stata. Ndani ya solenoidi, swichi nene ya stata, kuna vipande viwili vya shaba ambavyo huliwa na cheche. Vinabadilishwa kwa bei ndogo kuliko stata nzima, ingawa kuifikia ni adhabu: iko chini ya manifoldi ya hewa (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), na unaingia kwa chini. Gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake haiaminiki hata kwa dakika tano.

Neno juu ya betri. Ya kiwandani ilikuwa ndogo, iliyofungwa, yenye mirija ya kutolea hewa nje ya buti. Betri ya saizi ya NS40 inaenea pale na vichwa vyake vyembamba vinakubali vibanio vya gari. Lakini hakikisha ina tundu la kuchomekea mrija ule. Betri ikichajiwa hutoa hidrojeni, na buti iliyofungwa yenye hidrojeni na kibanio kilicholegea ni mchezo ambao hutaki kuucheza.

Asubuhi betri imekufa, jana jioni ilikuwa nzima

Fungua waya wa hasi, weka mita katikati ya waya na betri kwenye ampea 10, funga milango, subiri dakika chache. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Gari hili likiwa limelala linapaswa kuvuta chini ya miliampea 50. Ukikuta 200, piga hesabu: 0.2 mara saa 24 ni ampea-saa 4.8 kwa siku. Betri ya ampea-saa 32 inakwisha kabisa kabla ya wiki, na siku ya tatu au ya nne tayari stata inalalamika. Hesabu hii inakusaidia pia kinyume chake: kama betri inakufa kwa usiku mmoja tu, ama kinachovuta ni kikubwa ama betri yenyewe haishiki chaji.

Chomoa fyuzi moja moja hadi namba idondoke. Kwenye magari ya huku mshukiwa wangu wa kwanza ni alamu iliyofungwa na mtu aliyekuwa na haraka, wa pili ni redio. Ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, chomoa soketi ya alteneta na waya wake mnene (fungua betri kwanza, waya huo una umeme muda wote). Diodi, kidude cha kupitisha umeme upande mmoja tu, ikipasuka ndani ya alteneta inanyonya betri usiku kucha.

Taa ya betri inawaka, au chaji ni hafifu

Injini ikiwaka, kwenye betri pawe na volti kati ya 13.8 na 14.7. Ukipata chache, nenda ukapime kwenye bolti ya alteneta yenyewe. Kama pale ni 14.4 na kwenye betri ni 13.2, alteneta haina kosa. Volti 1.2 zimepotea njiani, na njia hiyo inapita kwenye fyuzi kuu ya ampea 80, ambayo imekazwa kwa bolti na hupenda kulegea. Hapa ndipo nilipokosea mimi: nilipima kwenye betri tu.

Jicho moja limefumba

Usiku mmoja nikiwa natoka mjini, askari wa usalama barabarani alinisimamisha, akazunguka mbele, akarudi dirishani akicheka: "Mzee, mbona gari lako linanikonyeza?" Taa ya kushoto ilikuwa imegoma kupanda. Alinionyesha pa kuegesha na nikaimalizia pale pale.

Kila taa ina mota yake. Kwenye mota kuna kofia ndogo ya mpira. Ivue, utakuta kidude cha kuzungusha kwa mkono. Zungusha hadi taa isimame. Ila kwanza chomoa fyuzi iliyoandikwa RETRACTOR kwenye boksi la chumba cha injini, ya ampea 30. Mota iliyokwama inaweza kuamua kufanya kazi vidole vyako vikiwa ndani, nayo ina nguvu kuliko inavyoonekana.

Nyumbani sasa tafuta chanzo. Kwenye dashibodi kuna kitufe cha kupandisha taa bila kuziwasha, kitumie hicho. Zikigoma zote mbili, angalia fyuzi ileile na kitufe chenyewe. Ikigoma moja, chomoa soketi ya mota yake na weka ile balbu ya wati 21 mahali pa mota. Balbu ikiwaka vizuri, mota ndiyo mgonjwa. Ikififia, rudi kwenye ethi. Na taa ikipanda na kushuka bila kukoma kama mtu anayeitikia kila kitu, ndani ya mota kuna kisahani cha shaba kinachoieleza imefika juu au chini, na grisi ya zamani imegeuka gundi juu yake. Mota inafunguka. Kwangu grisi ile ilikuwa ya rangi ya kahawa na ngumu kama nta ya mshumaa. Niliikwangua kwa kijiti cha kiberiti, nikapangusa kwa spiriti, nikapaka mpya kidogo sana.

Taa zimepanda lakini mwanga ni wa kibatari? Pima volti kwenye soketi ya balbu ikiwa inawaka, kisha kwenye betri. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo tofauti ya volti moja na ushee ni jambo kubwa. Watu wengi hapa hukimbilia balbu za wati 100. Usifanye hivyo. Umeme wote huo unapita kwenye waya zilezile zilizochoka, na plastiki ya soketi itayeyuka kabla barabara haijang'aa. Safisha ethi ya mbele. Ikibidi, funga rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayochukua umeme karibu na boksi la fyuzi, swichi ibaki na kazi ya kuamrisha tu.

Linawaka kisha linazima, au linakata moto likiwa kwenye mwendo

Hili ndilo linalowatia watu umaskini, kwa sababu kila fundi ana jibu lake: pampu, kompyuta, koili. Twende taratibu.

Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Unganisha TEN na GND kwa waya mfupi, fungua swichi (ufunguo kwenye ON) bila kuwasha, uhesabu mimweko ya taa ya injini: mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. Kama dashibodi yako haina taa hiyo, weka kitaa kidogo cha LED chenye kizuizi (resista) chake kati ya B+ na FEN. Namba 01 ni mawimbi ya cheche. 02 na 03 ni sensa ya mzunguko iliyo nyuma ya kichwa cha injini. 08 ni kipima hewa. 09 ni sensa ya joto la maji.

Usipopata namba yoyote, unganisha F/P na GND swichi ikiwa wazi. Hapo pampu ya mafuta inalazimishwa kuzunguka. Weka sikio kwenye mdomo wa tangi, utaisikia. Isiposikika, fuata fyuzi, rilei na soketi ya pampu. Ikisikika, washa gari hivyohivyo. Kwenye 1.6 pampu hupewa ruhusa na kibao kilicho ndani ya kipima hewa: hewa ikipita, kibao kinasukumwa, swichi ndogo inafunga, pampu inaendelea. Kwa hiyo gari linalowaka kisha kuzima mara ukiachia ufunguo, lakini linatulia ukiwa umeunganisha F/P, linakwambia ama swichi hiyo ni chafu ama hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Na mlango wa nyuma huwa ni ule mpira mkubwa unaopita mbele ya injini kwenda kwenye throtoli, valvu ya hewa inayofunguliwa na ekselereta. Unapasuka kwenye mikunjo, upande wa chini usioonekana. Utoe, ukunje kwa mikono, uangalie kwenye jua. Kwenye 1.8 kipima hewa hakina kibao, kwa hiyo huko hadithi hii haikuhusu, ila mpira uliopasuka unasumbua injini zote mbili.

Likikata moto ghafla ukipita kwenye shimo au tuta, na dashibodi nzima ikazima pamoja nalo, hapo sensa hazihusiki. Chezesha ufunguo kushoto na kulia bila kuuzungusha, injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Likizima, sehemu ya umeme ya swichi ya ufunguo imeliwa. Fungua plastiki za chini ya usukani uguse soketi yake. Ikiwa na joto au rangi ya kahawia pembeni, umeipata.

Sensa ya mzunguko ina tatizo jingine linaloonekana kwa macho: oringi yake hukauka na kuvujisha oili nyuma ya injini, ikashuka hadi kwenye kengele ya gia, kasha linaloiunganisha na injini. Wengi huambiwa sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, imekwisha, gia ishushwe. Papasa kwanza kwa kidole chini ya sensa. Ukibadilisha oringi, chora mstari kwa msumari kwenye mwili wa sensa na kichwa cha injini kabla hujalegeza bolti, maana ukiizungusha umebadilisha taiming, yaani wakati wa cheche.

Na kwa wenye 1.6 za mwanzo: taiming inayohama yenyewe huku injini ikipoteza nguvu inaweza isiwe umeme kabisa. Injini za hadi 1991 zilikuwa na pua (ncha ya mbele) fupi ya krenki, na kipande cha chuma kinachoshika puli hapo hulika. Angalia puli ya chini: ikiwa na nafasi 4 ni pua fupi, 8 ni ndefu. Puli ikiyumba injini ikiwaka, zima. Ni jambo la kuangalia kabla hujalipa hela ya gari, wala si baadaye.

Linamisi mvua ikinyesha

Subiri giza, washa gari, fungua boneti, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye waya za plagi. Ukiona vicheche vya bluu vikitambaa, umeshapata jibu bila kulipa mtu. Koili mbili ziko nyuma ya injini. Moja inalisha plagi ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3. Kwa hiyo mitungi ya 1 na 4 ikimisi pamoja, shuku koili; ukimisi mmoja tu, shuku waya au plagi. Nafasi ya plagi ni milimita 1.0 hadi 1.1.

Joto linapanda foleni, barabarani linashuka

Feni. Rudi kwenye kile kiboksi, unganisha TFA na GND, fungua swichi. Feni ikizunguka, mota na rilei ni nzima. Mbovu ni swichi ya joto iliyo kwenye nyumba ya thamostati au waya wake. Isipozunguka, peleka umeme moja kwa moja kwenye mota kwa jampa yenye fyuzi. Tafadhali usifunge feni moja kwa moja ikae inazunguka siku zote kama nilivyoona kwenye gari moja; betri ndogo hii na foleni ya Dar havipatani.

Lakini kabla ya yote, washa taa kubwa ukiangalia sindano ya joto. Ikipanda palepale ulipowasha taa, maji hayajachemka. Ni ethi ya dashibodi inayodanganya.

Kioo kinapanda kwa kuchechemea

Pima kwenye mota kioo kikiwa kinapanda. Kukiwa na volti 12 na kioo bado kinajikongoja, tatizo ni kebo, vikombe vya plastiki vilivyolika na grisi iliyoganda. Silikoni kwenye njia ya mpira inasaidia sana. Volti zikiwa 9 au 10, fungua swichi usafishe shaba zake.

Ukikuta pia kapeti la miguuni limelowa, usidhani ni maji ya mlangoni. Nyuma ya kila kiti, kwenye kona, kuna tundu la kutolea maji ya turubai la paa. Likiziba, maji yanaingia ndani ya kizingiti na kwenye soketi zilizo chini ya kapeti, ndipo unaanza kuona visa visivyo na maelezo. Usichokoe kwa waya mkali, utatoboa mfereji wake. Tumia mrija laini wa plastiki. Kisha mwaga kikombe cha maji taratibu na uinamie chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Upande wa kulia yangu yalitoka mara moja. Wa kushoto yalichukua dakika nzima, yakaja meusi, na nyuma yake likafuata donge la majani ya mwarobaini.